Kompyuta inaposema kemikali ya mmea inazuia kirusi, imesema nini hasa?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mwaka wa tatu. Nimetumia programu ya bure ya AutoDock Vina kupachika kemikali za mlonge, manjano na tangawizi kwenye proteasi kuu ya kirusi cha korona, nikitumia faili la 6LU7 lenye umbo la proteasi hiyo. Rutini, mojawapo ya kemikali hizo, imepata alama ya -9.1, ilhali nirmatrelvir, dawa inayotumika hospitalini, imepata -7.6. Je, naweza kuandika kwamba rutini ina nguvu kuliko dawa hiyo? Nyumbani nao wananiuliza kama wachemshe majani wanywe badala ya dawa. Na kama kazi yangu ina upungufu, nifanye nini mimi niliye na kompyuta mpakato tu?"

Ndugu yangu, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Tarakimu hizo mbili hazikuruhusu kusema kwamba rutini ina nguvu kuliko nirmatrelvir, wala hazikuruhusu bado kusema kwamba inakizuia kirusi. Hata hivyo sipendi uishie hapo ukadhani umepoteza muda, kwa sababu kuchuja kemikali za mimea kwa kompyuta ni kazi ya maana sana inapofanywa na mtu anayefahamu anachokipima. Umepata matokeo ambayo yanaweza kukufundisha mengi kuliko makala nyingi zilizochapishwa juu ya jambo hili, iwapo tutayafungua moja baada ya jingine.

Tuanze na kile ambacho programu yenyewe hukifanya. Kirusi cha korona hutengeneza sehemu kubwa ya protini zake zikiwa zimeungana katika mnyororo mrefu, na proteasi kuu ndicho kimeng'enya kinachoukata mnyororo huo mahali 11 tofauti; kikizuiwa, kirusi hakiwezi kujizalisha. Ukataji hufanyika ndani ya kijishimo ambamo asidi amino mbili, sisteini namba 145 na histidini namba 41, hushirikiana. AutoDock Vina, ambayo Oleg Trott na Arthur Olson wa taasisi ya Scripps nchini Marekani waliieleza katika makala ya mwaka 2010, huichukua molekuli unayoipa, huigeuzageuza na kuikunja ndani ya kisanduku ulichokichora kuzunguka kijishimo hicho, kisha huupa kila mkao alama. Alama hiyo hutokana na mvuto wa atomi zilizokaribiana, adhabu kwa atomi zilizosongamana, vifungo vya hidrojeni, mgusano wa sehemu zinazokwepa maji, na punguzo dogo kwa molekuli yenye viungo vingi vinavyozunguka. Hutolewa kwa kilokalori kwa moli, na kadiri ilivyo hasi zaidi ndivyo programu inavyokisia kwamba molekuli itashika kwa nguvu zaidi.

Makisio hayo yana kosa linalofahamika. Watunzi wa Vina wenyewe waliripoti kosa la kawaida la kilokalori 2.85 kwa moli walipolinganisha alama zao na vipimo halisi vya maabara. Sasa kumbuka somo lako la kemia ya joto: katika joto la kawaida la chumba, kila kilokalori 1.4 hivi ni tofauti ya mara kumi katika nguvu ya kushika. Maana yake ni kwamba kosa la kawaida la programu ni zaidi ya mara mia moja, juu au chini. Tofauti uliyoipata kati ya rutini na nirmatrelvir ni kilokalori 1.5, yaani karibu nusu tu ya kosa hilo. Kuzilinganisha dawa mbili kwa tofauti ndogo namna hiyo ni sawa na kupima dhahabu kwa mizani ya magunia: mizani haijaharibika, ila haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hebu tupige hesabu tuone. Ukiigeuza alama ya -7.6 kuwa kiwango cha kushika, unapata takriban maikromola 2.7, na alama ya -9.1 inakupa takriban maikromola 0.2; kadiri kiwango hiki kilivyo kidogo ndivyo molekuli inavyoshika kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kompyuta yako imetabiri kwamba rutini inashika mara kumi na zaidi kuliko nirmatrelvir. Maabara inasema nini? Nirmatrelvir ilipimwa na watafiti wa Pfizer, na kiwango chake cha kuzuia kimeng'enya hiki kilichoripotiwa mwaka 2021 ni nanomola 3 hivi, yaani maikromola 0.003. Kompyuta yako imeidharau dawa hiyo kwa karibu mara elfu moja. Kwa upande wa rutini na ndugu yake kwersetini, vipimo vilivyochapishwa vinaonyesha kwamba kweli zinakigusa kimeng'enya hiki, lakini katika viwango vya maikromola kadhaa na zaidi. Yaani mpangilio umepinduka kabisa: iliyowekwa juu na kompyuta ndiyo dhaifu, tena kwa maelfu ya mara.

Kwa nini programu imekosea pakubwa namna hiyo kuhusu nirmatrelvir? Sababu iko kwenye ile sisteini namba 145. Nirmatrelvir ina kikundi cha nitrili ambacho, kikifika karibu na salfa ya sisteini hiyo, huunda nayo kifungo cha kovalenti (cha atomi kushirikiana elektroni) kinachoweza kufunguka tena. Nguvu kubwa ya dawa hiyo inatoka hapo. Vina, katika matumizi yake ya kawaida, haina habari na vifungo vya kovalenti; huona molekuli iliyolala tu ndani ya kijishimo, na huihesabia mvuto wa kawaida wa atomi. Umeipima dawa huku umeifunga mkono wake wa kulia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuchagua dawa ya kulinganishia, ujue kwanza inafanyaje kazi. Wapo wanaoweka remdesivir kwenye proteasi kuu kama kipimo cha ulinganisho, ilhali remdesivir haikilengi kimeng'enya hicho kabisa: hugeuzwa ndani ya seli kuwa umbo lenye fosfeti tatu, na hapo ndipo huingia kwenye kimeng'enya kingine kinachonakili RNA ya kirusi. Kuishinda remdesivir kwenye proteasi ni kumshinda mtu katika mchezo asioucheza.

Na kwa nini programu imeipendelea rutini? Hapa jibu ni ukubwa. Rutini ni kwersetini iliyobeba sukari mbili, glukosi na ramnosi. Uzito wake wa molekuli ni takriban 610, na ina atomi 43 ukiacha hidrojeni. Kwa kuwa alama ya Vina hujumlishwa kutoka kwa atomi zinazogusana, molekuli kubwa yenye vikundi vingi vya hidroksili hupata alama nyingi kwa wingi wake tu. Gawanya mwenyewe: -9.1 kwa atomi 43 ni kama -0.21 kwa kila atomi, -7.6 kwa atomi 35 za nirmatrelvir ni kama -0.22. Hata kwa hesabu ya programu isiyoona kifungo cha kovalenti, dawa imeshatangulia kidogo. Ukizipitia makala za uchujaji wa mimea utagundua kwamba majina yaleyale hujirudia kileleni, iwe kirusi ni cha korona, cha dengi au cha homa ya ini: rutini, hesperidini, asidi ya tanini na molekuli nyingine kubwa zenye sukari au hidroksili nyingi. Matokeo yanayofanana kwa kila protini hayatuambii chochote kuhusu protini yoyote.

Kuna jambo jingine lililofichika katika faili lako, na hili nalitaja kwa kirefu kwa sababu linawapita wengi. Faili la 6LU7 lilitolewa mapema mwaka 2020 na watafiti wa China, na lilikuwa msaada mkubwa kwa dunia nzima. Lakini proteasi kuu hufanya kazi ikiwa pacha: molekuli mbili za kimeng'enya hushikana, na ncha ya mwanzo ya moja, yaani serini namba 1, hugusa glutamati namba 166 ya mwenzake na kukifanya kijishimo kikae sawasawa. Faili unalolipakua la 6LU7 kwa kawaida lina nusu moja tu ya pacha hilo. Nusu ya pili hupatikana ukichagua umbo la kibiolojia badala ya faili la kawaida. Ukipachika kwenye nusu peke yake, upande mmoja wa kijishimo unakuwa wazi kwa namna ambayo haipo katika kimeng'enya kinachofanya kazi, na molekuli kubwa kama rutini hupata mahali pa kunyooshea sukari zake mahali ambapo kwa kweli pameshikwa na nusu ya pili. Isitoshe, molekuli iliyomo ndani ya 6LU7, inayoitwa N3, imefungwa kwa kovalenti kwenye sisteini namba 145, kwa hiyo ukiitoa na kuirudisha ili kujaribu usahihi wa mbinu yako, unaijaribu mbinu kwa mfano usioifaa. Kwa jaribio hilo ni afadhali utumie faili la 6W63, ambamo kizuizi kinachoitwa X77 kimekaa bila kifungo cha kovalenti.

Kabla ya kuingia katika namna ya kurekebisha kazi yako, niijibu kwanza familia yako, kwa sababu swali lao linahusu afya ya watu na halifai kusubiri. Majani ya mlonge kama mboga hayana ubaya kwa watu wengi wazima. Lakini kuyanywa badala ya dawa aliyoandika daktari ni jambo ambalo matokeo yako hayaliungi mkono hata kidogo, na sababu kubwa ni kwamba rutini uliyoipachika siyo rutini itakayofika kwenye mapafu. Mtu akimeza rutini, sehemu kubwa yake hupita utumbo mwembamba bila kunyonywa kwa sababu ya sukari zake. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huzikata sukari hizo na kuiacha kwersetini. Kwersetini inayonyonywa hukamatwa na ukuta wa utumbo na ini, ambavyo huibandika asidi ya glukuroniki, salfeti au kikundi cha methili, kiasi kwamba kwersetini huru katika damu ni chache mno. Kilichokaa vizuri kwenye skrini yako, kikiwa na sukari zake zote mbili na hidroksili zake zote huru, karibu hakipo katika damu ya mtu aliyekunywa mchemsho. Kurkumini ya manjano ina tatizo lake: katika maji yenye pH ya 7.2 na joto la mwili, asilimia 90 hivi huharibika ndani ya nusu saa.

Sababu ya pili ni kwamba mimea ina nguvu, na nguvu hiyo inaweza kuelekea kusikotakiwa. Nirmatrelvir hutolewa pamoja na ritonavir, ambayo kazi yake hapo ni kukizuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4 kisiiharibu nirmatrelvir mapema. Mmea wowote unaokichochea au kukizuia kimeng'enya hicho huvuruga kipimo cha dawa mwilini. Hili limeshapimwa kwa binadamu: vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha saquinavir, dawa ya VVU, kwa karibu nusu katika damu ya watu waliojitolea. Na mimea mingine hudhuru yenyewe. Asidi ya aristolokiki iliyomo katika mimea ya jamii ya Aristolochia iliharibu figo za wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza unene nchini Ubelgiji miaka ya 1990, na baadaye ikathibitika kuwa inasababisha saratani. Waambie nyumbani kwamba nirmatrelvir hufaa ikianzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze, kwa hiyo siku zinazopotea kwa kujaribu mchemsho kwanza ni siku ambazo dawa ingefanya kazi. Wakipenda kutumia mmea wowote sambamba na dawa, wamwambie daktari au mfamasia jina lake na kiasi wanachotumia, bila kuona haya.

Sasa tuje kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo lililonifurahisha. Kompyuta mpakato inatosha kufanya kazi ya uchujaji yenye heshima, ila muda wako mwingi uende kwenye maandalizi na majaribio ya ulinganisho, siyo kwenye kuongeza idadi ya kemikali. Anza na molekuli zenyewe. Hakikisha kila moja ina mpangilio sahihi wa atomi katika nafasi, kwa sababu kemikali za mimea zimejaa kaboni zenye mkono wa kushoto na wa kulia, na faili lililopakuliwa bila uangalifu linaweza kuwa limepoteza taarifa hiyo. Hakikisha pia protoni ziko mahali panapostahili katika pH ya mwili: asidi ziwe zimetoa protoni zake, amini ziwe zimepokea. Kurkumini katika mimumunyo mingi hukaa zaidi katika umbo la enoli, lakini katika hifadhi za data utaikuta imechorwa kwa maumbo mawili. Ukichagua bila kufikiri, umechagua molekuli nyingine. Mambo haya yanachosha, nakubali, lakini ndiyo yanayotenganisha kazi ya mtaalamu na kazi ya kubofya.

Kisha jaribu mbinu yako kabla ya kuiamini. Chukua kizuizi kinachojulikana, kitoe ndani ya umbo la kimeng'enya, kirudishe kwa programu, upime kimekaa umbali gani kutoka pale kilipoonekana kwa miale ya eksirei. Umbali ukizidi angstromu 2 (angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), rudi kwenye maandalizi. Jaribio la pili ni muhimu zaidi, na wachache mno hulifanya. Kusanya vizuizi vya proteasi kuu vilivyopimwa maabara na kuthibitika, visivyounda kifungo cha kovalenti, uvichanganye na molekuli nyingi zinazofanana navyo kwa ukubwa na tabia lakini ambazo hazitarajiwi kufanya kazi. Hifadhi ya DUD-E ya mwaka 2012 ilitengenezwa kwa mtindo huu kwa protini 102, ikiweka molekuli za kudanganyia 50 hivi kwa kila moja iliyothibitika. Unaweza kuufuata mtindo huo kwa protini yako. Ukizipachika zote pamoja, je, vizuizi vya kweli vinapanda juu ya orodha, au vimetawanyika tu? Vikitawanyika, basi orodha yako ya kemikali za mlonge haina thamani zaidi ya kura ya kubahatisha, na ni heri ulijue hilo mapema.

Wengi watashauri kazi yako iongezewe uigaji wa mwendo wa molekuli, unaoonyesha kimeng'enya na kemikali vikitikisika ndani ya maji kwa nanosekunde 100 au zaidi. Ni hatua nzuri kama una uwezo wa kupata kompyuta yenye nguvu, kwa sababu mkao uliotoka nje ya kijishimo ndani ya nanosekunde chache ni mkao wa kutupwa. Lakini usidanganyike kwamba mkao uliotulia umethibitishwa. Molekuli nyingi zisizofanya kazi hutulia vizuri kwa muda mfupi kama huo.

Halafu zichuje kemikali zako kwa jicho la mtu wa maabara. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway walichapisha orodha ya maumbo ya kikemia ambayo huonekana kufanya kazi katika majaribio mengi kwa sababu zisizohusiana na protini inayopimwa: hushika metali, huzalisha peroksaidi, huungana ovyo na salfa yoyote iliyo karibu, au hung'aa na kuvuruga kifaa cha kupimia. Kurkumini na polifenoli nyingi zimo katika kundi hilo la kutiliwa shaka. Nyingine hukusanyana ndani ya maji zikawa vibonge vidogo ambavyo hunasa kimeng'enya chochote kinachopita. Dalili yake ni kwamba tone la sabuni ya maabara likiongezwa, uwezo wa kuzuia hutoweka. Proteasi kuu, yenye sisteini iliyo tayari kuungana na chochote, huathiriwa kirahisi na udanganyifu wa aina hii, na ndiyo maana jaribio la kimeng'enya lisilo na sabuni wala kemikali ya kuilinda salfa lisikuridhishe.

Nisieleweke kwamba njia hii haifiki popote. Kampuni ya Shionogi ya Japani ilianza na uchujaji wa kompyuta dhidi ya proteasi hiihii, ikazipima molekuli zilizochaguliwa maabara, ikapata moja iliyozuia kimeng'enya kwa maikromola 8.6. Hiyo ni nguvu ya kawaida kabisa, si mbali na ile ya kemikali nyingi za mimea. Wanakemia wakaibadilisha hatua kwa hatua hadi ikafika maikromola 0.013, zaidi ya mara mia sita, na mnamo Novemba 2022 dawa hiyo, ensitrelvir, ikapata idhini ya dharura nchini mwao. Angalia walichokichukua kwa kompyuta: mahali pa kuanzia. Mimea nayo imewahi kutoa mahali pa kuanzia pazuri. Asidi ya shikimiki kutoka kwenye tunda la anisi nyota ilikuwa malighafi ya kutengenezea oseltamivir, dawa ya mafua, ingawa asidi yenyewe si dawa ya mafua. Asidi ya betuliniki ilizaa bevirimat, iliyofika hadi majaribio kwa watu wenye VVU kabla ya kubainika kwamba virusi vya baadhi ya wagonjwa vina tofauti za asili zinazoifanya isifanye kazi.

Na kuna somo la artemisinini ambalo mtu wa kompyuta analihitaji kuliko mwingine yeyote, ingawa malaria si ugonjwa wa kirusi. Tu Youyou, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliipata nguvu ya pakanga baada ya kusoma katika maandishi ya kale kwamba majani yalilowekwa na kukamuliwa, wala hayakuchemshwa. Akatumia etha kwa joto la chini, na dawa iliyokuwa ikiharibiwa na joto ikabaki. Hakuna faili la molekuli lingemwambia hivyo. Tena artemisinini hufanya kazi kwa kifungo chake cha peroksaidi kinachovunjika kikikutana na madini ya chuma ndani ya kijidudu, jambo ambalo programu ya kupachika isingeliona, kama ilivyoshindwa kuiona nitrili ya nirmatrelvir. Kwa hiyo maarifa ya tabibu wa tiba asili yaingie kwenye utafiti wako kama data: sehemu gani ya mmea, imevunwa lini, imeandaliwa kwa maji ya moto au ya baridi, kwa ugonjwa wenye dalili zipi. Yakiingia, mwenye maarifa naye atambuliwe na apate haki yake. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2014, ipo kwa ajili ya jambo hilo, na makubaliano hufanywa kabla ya kazi kuanza.

Hatua ya mwisho inahitaji maabara ya mwenzako, na usiiogope. Tafuta idara ya baiokemia au ya virusi yenye jaribio la kimeng'enya, kwa sababu jaribio hilo halihitaji kirusi hai. Baadaye, zitakazofaulu zipimwe kwenye seli, na hapo uliza ni seli za nini. Hydroxychloroquine ilizuia kirusi cha korona katika seli za figo za nyani, lakini haikukizuia katika seli za mapafu ya binadamu zilizopimwa mwaka 2020, na majaribio makubwa ya RECOVERY nchini Uingereza yakaonyesha mwaka huohuo kwamba haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Uliza pia kiwango kinachoua seli zenyewe, maana kemikali inayoiua seli huonekana kana kwamba imemaliza virusi.

Unapowapelekea kemikali, usiwapelekee zile tano za juu tu. Nunua, au omba, kemikali safi kumi hivi: nne kutoka kileleni mwa orodha yako, tatu kutoka katikati na tatu kutoka mkiani, uzipe namba za siri ili mpimaji asijue ipi ni ipi. Ongeza nirmatrelvir kama kipimo cha kwamba jaribio linafanya kazi. Ikiwa za kileleni zitazuia kimeng'enya na za mkiani zitashindwa, utakuwa na ushahidi kwamba mbinu yako inatofautisha, na hapo rutini itastahili sentensi yake katika makala. Ikiwa za mkiani zitazuia sawa na za kileleni, andika hivyo hivyo, pamoja na alama zote na viwango vyote, ili mwanafunzi mwingine atakayelifungua faili la 6LU7 ajue ni wapi alama hizo haziaminiki.